Traka za malori na saa ya seva: niandike nini kwenye zabuni ili vipokezi vya setilaiti viaminike hadi 2035?

dereva_wa_data

Wadau, habari za jioni. Kuna zabuni inaandikwa hapa Nairobi yenye sehemu mbili. Ya kwanza ni traka 60 (vifaa vya kufuatilia lori lilipo) za malori ya Mombasa, Nairobi hadi Malaba. Ya pili ni kipokezi cha saa kitakachokaa juu ya paa la jengo la ghorofa nane Upper Hill, kiwape seva wakati sahihi. Vifaa vyote vinatakiwa vitumike miaka kumi.

Rasimu ya sasa inasema tu: "Kipokee mifumo minne ya setilaiti, usahihi wa mita 2.5." Hoja ya walioiandika ni kwamba GPS ikipotea, Galileo (ya Ulaya), GLONASS (ya Urusi) na BeiDou (ya China) zitaziba pengo. Je, hiyo inatosha? Kama haitoshi, ni maneno gani yaongezwe ambayo muuzaji hawezi kuyakwepa, na yapimwe vipi siku ya kupokea vifaa?

La tatu: ripoti za traka zilizopo zinaonyesha malori "yanapotea" dakika kumi au ishirini, hasa jioni. Kila mara dereva anatuhumiwa kuchomeka kifaa cha kuvuruga mawimbi. Kuna njia ya kujua ukweli?

---

FundiAntena

Haitoshi, kwa sababu mifumo minne si njia nne. Mawimbi yaitwayo GPS L1, Galileo E1 na BeiDou B1C yote yako kwenye 1575.42 MHz, na GLONASS iko jirani tu, kama 1602 MHz. Anayeziba mlango huo amewafungia wote nje.

Piga hesabu uone udhaifu ulivyo. Setilaiti ya GPS iko kilomita 20,200 juu, na mawimbi yake yakifika ardhini yana takriban −130 dBm (desibeli kulinganisha na miliwati moja), chini ya kelele ya kipokezi chenyewe. Sasa chukua kifaa cha kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, chenye miliwati 10, yaani +10 dBm. Kwa masafa hayo, kilomita moja ya uwazi hula desibeli 96. Kinachobaki ni −86 dBm, desibeli 44 juu ya setilaiti, nguvu mara 25,000 hivi. Mjini, bodi ya gari na majengo hupunguza sana, kwa hiyo athari huishia mita mia kadhaa. Lakini kwenye uwanda wa wazi kuelekea Mtito Andei, hakuna cha kukizuia.

Swali lako la tatu ndilo zito zaidi, maana mtu anaweza kupoteza kazi kwa ajili yake. Traka nyingi hutuma latitudo, longitudo na alama ya A (mahali pamepatikana) au V (hapajapatikana) basi. Kwa data hiyo huwezi kumhukumu mtu yeyote. Unahitaji vitu viwili zaidi kila sekunde 10: nguvu ya kila setilaiti, yaani C/N0 kwa dB-Hz, na thamani ya AGC, kidhibiti kinachopandisha au kushusha ukuzaji pale mawimbi yanapoingia kwenye kipokezi. Ukiwa navyo, visa vinajitenga vyenyewe.

Lori likiingia chini ya daraja au kwenye maegesho ya chini ya jengo, C/N0 zote zinaanguka, tuseme kutoka 44 hadi chini ya 25, lakini AGC haishuki, kwa kuwa hakuna nguvu mpya iliyoingia. Kivurugaji kikiwashwa, C/N0 zinaanguka zote na AGC inashuka sekunde ileile, kwa sababu kipokezi kimejazwa nguvu na kinalazimika kupunguza ukuzaji. Mawimbi ya kughushi yana sura nyingine: AGC inashuka, ila C/N0 zinabaki nzuri au zinapanda, na zinafanana mno, mathalani 47, 47, 48, 47. Anga halisi halifanyi hivyo. Setilaiti iliyo utosini itakupa 48 na iliyo karibu na upeo wa macho 36.

AGC hutofautiana kati ya kifaa na kifaa na hucheza na joto, kwa hiyo usiweke kizingiti kimoja kwa traka zote 60. Rekodi wiki moja ya hali ya kawaida kwa kila moja, kisha pima mshuko kutoka hapo.

Kuna kipimo kingine kinachomwokoa dereva. Soma mwendo wa magurudumu kutoka kwenye kompyuta ya lori. Kama AGC imebaki chini kwa kilomita 15 za kuendesha, chanzo kinasafiri na lori, au na gari lililoandamana nalo. Kama ilishuka kwenye foleni ya Mlolongo na ikarudi foleni ilipoachana, chanzo kilikuwa kwa jirani. Na malori mawili yakipotea mahali pamoja kwa wakati mmoja, angalia kwanza kitu cha nje kabla ya kumwita dereva ofisini.

Kwenye zabuni taja data yenyewe. Kwa moduli za u-blox kizazi cha 9, kwa mfano, ujumbe UBX-MON-RF hubeba agcCnt, yaani thamani ya AGC (0 hadi 8191), na jamInd, kiashiria cha uvurugaji (0 hadi 255), na UBX-NAV-STATUS hubeba spoofDetState, onyo la kughushi. Muuzaji wa chipu nyingine aonyeshe zinazolingana na hizo. Asiyeweza kutoa AGC, asipite.

---

ukanda_wa_jioni

Naongeza kisa cha nne ambacho FundiAntena hajakigusa, na kwa Nairobi ndicho cha kukagua kwanza. Umesema "hasa jioni". Angalia tarehe pia.

Ikweta ya sumaku ya dunia hupita Ethiopia, na sisi tuko kusini yake, ndani ya ukanda ambao ionosfia, tabaka la juu la hewa lenye chaji za umeme, hufanya vurugu baada ya jua kutua. Mapovu ya hewa yenye chaji chache hupanda kutoka chini ya ionosfia, na mawimbi yanayopita humo humeta kama taa inavyometa juu ya moshi wa jiko. Huanza karibu saa moja jioni na mara nyingi hutulia kuelekea saa sita usiku. Misimu mibaya ni Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba. Mzunguko wa 25 wa jua ulifika kilele karibu 2024, kwa hiyo data mnayolalamikia huenda imechukuliwa miaka mibaya kabisa.

Alama yake ni hii: setilaiti chache tu za upande mmoja wa anga zinapanda na kushuka kwa haraka, nyingine zimetulia, na AGC haijasogea. Hakuna kivurugaji kinachochagua setilaiti namna hiyo. Mwenye rekodi ya C/N0 ya kila setilaiti anaiona kwa macho. Mwenye alama ya V tu anamfukuza dereva kwa kosa la jua.

Hapa sasa mifumo minne inasaidia kweli. Ukiwa na setilaiti 30 angani badala ya 9, povu likifunika sita bado unajua ulipo. Masafa mawili pia yanasaidia, lakini elewa yanasaidia nini. Ionosfia huchelewesha L1 kwa sentimita 16 kwa kila kizio kimoja cha TEC, kipimo cha wingi wa elektroni njiani. Jioni yenye vizio 100 ni mita 16 za kosa, na modeli inayotangazwa na GPS yenyewe huondoa karibu nusu tu. Kipokezi cha L1 na L5, masafa mengine ya GPS, hulipima kosa hilo na kuliondoa karibu lote. Ila kumeta ni jambo jingine: L5 iko chini, 1176.45 MHz, na humeta karibu mara moja na nusu kuliko L1. Kwa hiyo andika kwamba L5 ikipotea, kifaa kirudi kwenye L1 peke yake, kisikate mahali.

Onyo moja la kalenda. Miaka inayokuja jua litatulia na kila kitu kitaonekana kimepona. Kilele kingine kinatarajiwa katikati ya miaka ya 2030, mkataba wenu ukielekea mwisho. Msije mkapunguza rekodi mwaka 2029 kwa kuwa "hazina kazi". Dhoruba ya Mei 2024 ilisimamisha matrekta ya kujiongoza Marekani katikati ya msimu wa kupanda.

---

mpimaji_37S

Mawili mafupi.

Zima kwenye traka masahihisho ya SBAS, yaani ya setilaiti za kikanda za kurekebisha makosa ya GPS. Setilaiti za GAGAN, SBAS ya India, zenye namba PRN 127 na 128, zinaonekana kutoka Nairobi, na baadhi ya vipokezi huzishika na kuanza kutumia masahihisho yaliyotengenezwa kwa anga la India. EGNOS ya Ulaya nayo haijatengenezewa eneo letu. Anayehitaji usahihi wa sentimita 20 hivi aangalie Galileo HAS, huduma ya bure tangu Januari 2023, lakini kupitia setilaiti inataka kipokezi cha masafa ya E6, na kwa lori ni anasa.

La pili: kama mipaka ya yadi au depo imechorwa kutoka ramani za zamani za Arc 1960 (mfumo wa zamani wa viwianishi wa Afrika Mashariki), itaonekana kana kwamba lori liko nje ya yadi mita 300 na ushee, daima upande uleule. Hayo si mawimbi ya kughushi. Badilisheni ramani ziwe WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS, kabla ya kuweka tahadhari zozote.

---

Sekunde1

Nashughulikia paa. Swali la kwanza kabla ya kununua chochote: seva zinahitaji usahihi gani? Kama ni malipo na kumbukumbu za miamala, milisekunde moja inatosha na saa ya atomu ya rubidi ni pesa mnazotupa. Kama kuna mitambo ya simu ya TDD (inayotuma na kupokea kwa zamu kwenye masafa yaleyale) inayotegemea saa hiyo, kikomo ni maikrosekunde 1.5 na hesabu inabadilika kabisa.

Hesabu ni ya kustahimili pale setilaiti zinapokosekana. Osileta ya kristali iliyo kwenye oveni, ikiwa na kosa la sehemu moja kwa bilioni kumi, hufika maikrosekunde 1.5 baada ya sekunde 15,000, saa nne na ushee. Rubidi yenye kosa dogo mara kumi hukupa saa 41. Kristali ya kawaida yenye kosa la sehemu moja kwa milioni kumi hukupa sekunde 15. Kwa hiyo msiandike "iwe na saa ya akiba". Andikeni "isizidi maikrosekunde kadhaa baada ya saa kadhaa bila antena, joto likibadilika kati ya nyuzi 10 na 40", kisha mchomoe antena mpime.

Antena isikae ukingoni mwa paa ikitazama barabara. Iweke katikati, chini ya usawa wa ukuta wa ukingo lakini ikiona anga juu ya nyuzi 15 au 20. Ukuta huo unazuia vivurugaji vya magari yanayopita chini. Kipokezi cha saa kisichohama kinaweza kuishi na setilaiti chache za juu, kwa hiyo hupotezi kitu cha maana. Kebo: LMR-400 hula desibeli 0.17 kwa mita, LMR-200 desibeli 0.42. Kwa mita 30 hiyo ni 5 dhidi ya karibu 13. Kila mita huchelewesha karibu nanosekunde 4, kwa hiyo mita 30 ni nanosekunde 118 za kuingiza kwenye mipangilio. Kinga ya radi iwe pale kebo inapoingia jengoni, na iungwe kwenye waya wa ardhi wa jengo, si nondo yake peke yake.

Kisha weka kipokezi cha pili cha bei nafuu, kikiwa huru kukokotoa mahali kilipo. Jengo halitembei. Kipokezi hicho kikisema jengo limesogea mita 50 na kuendelea, mtu anaghushi mawimbi au kuna hitilafu, na saa kuu iingie hali ya kustahimili papo hapo. Kipokezi kikuu hakitakuambia hivyo, kwa sababu kimefungiwa mahali pake.

Kwenye seva tumieni chrony, programu ya kulinganisha saa, na msikiwekee kipokezi neno "trust" (amini). Kiwe mpiga kura kama wengine. Weka angalau seva nne za saa za mtandao zenye NTS, ulinzi wa wakati unaopita mtandaoni. Ukiwa na vyanzo viwili vinavyopingana hujui nani mwongo, vikiwa vitatu na zaidi mwongo anaonekana.

Na mwongo si lazima awe mhalifu. Tarehe 26 Januari 2016, setilaiti za GPS zilitangaza tofauti kati ya wakati wa GPS na UTC, saa rasmi ya dunia, yenye kosa la maikrosekunde 13, na mitambo ya simu na redio katika nchi kadhaa ikayumba. Mahali palibaki sahihi, wakati ndio ulikosea. Julai 2019 Galileo nzima ilikaa karibu wiki bila huduma. Kipokezi kilinganishe wakati wa GPS na wa Galileo, na kilie vikiachana.

La mwisho, hesabu ya wiki. GPS ya zamani hutuma namba ya wiki kwa biti 10, kwa hiyo hurudi sifuri kila wiki 1024. Ilirudi 6 Aprili 2019, na itarudi tena Novemba 2038. Msidhani 2035 iko salama. Watengenezaji huhesabu kuanzia wiki iliyoandikwa kwenye programu ya ndani. Moduli yenye wiki ya msingi ya Januari 2016 itarudi 2016 ifikapo Agosti 2035. Mwulizeni muuzaji wiki hiyo kwa maandishi.

---

dereva_wa_data

Shukran sana. Nimesikia kuhusu OSNMA ya Galileo, huduma ya kuthibitisha data ya setilaiti zake. Nikiidai, si mawimbi ya kughushi yamekwisha?

---

ufunguo_wa_E1

Idai, ila ujue inalinda nini. OSNMA ilitangazwa rasmi kuwa huduma Julai 2025, ni ya bure, na inapita kwenye E1 ileile, kwa hiyo antena haibadiliki. Setilaiti hutuma data yake pamoja na muhuri wa biti 40, na ufunguo wa kukagua muhuri huo hutumwa baadaye, sekunde 30 hivi. Mghushi hawezi kutengeneza muhuri sahihi kwa sababu wakati anapouhitaji ufunguo, bado haujatoka.

Kutokana na hilo, kila kitu kinategemea kipokezi kujua saa ni ngapi kutoka kwingine. Saa ya ndani ikichelewa kuliko nafasi hiyo, mtu anaweza kungoja ufunguo utoke, apige muhuri wake, na kipokezi kitakubali. Kikomo cha kawaida ni sekunde 30. Saa ndogo ya traka yenye kosa la sehemu 20 kwa milioni huteleza sekunde 1.7 kwa siku, hivyo inafika sekunde 30 baada ya siku 17. Lori lililolala gereji wiki tatu bila kuungana na mtandao litaamka likiwa halistahili kuamini OSNMA. Andika: kabla ya kusema "imethibitishwa", kifaa kipate wakati kwa NTS kupitia data ya simu.

Pili, uliza mzizi wa mti wa Merkle na ufunguo wa umma, data za kukagulia funguo zenyewe, vinaingiaje kwenye kifaa na vinabadilishwaje. Vinatoka kituo cha huduma cha GNSS cha Ulaya. Kifaa kisicho na njia salama ya kuvisasisha kwa mbali kitakufa siku funguo zitakapobadilishwa, na malori 60 hayatakuja yadi siku moja.

Tatu, inathibitisha maneno ya setilaiti, haithibitishi umbali. Anayerekodi mawimbi halisi na kuyarusha tena papo hapo atapita na muhuri wake safi. Kwa huyo unarudi kwenye AGC, magurudumu na minara ya simu. Mnara wa 2G kwa kawaida haufiki zaidi ya kilomita 35. Traka ikidai iko Voi huku imeungana na mnara wa Athi River, inadanganywa.

Kuhusu kesho: Marekani inajaribu muhuri unaogusa hadi mawimbi yenyewe, uitwao Chimera, kwenye setilaiti ya NTS-3 (haihusiani na NTS ya seva) iliyorushwa Agosti 2025. Kuna pia setilaiti za chini zenye mawimbi yenye nguvu zaidi, kama Iridium iliyo kilomita 780 tu. Nzuri kuzifuatilia, lakini msilipie leo ahadi ya kesho. Lipieni kifaa kinachoweza kusasishwa.

---

FundiAntena

Sasa siku ya kupokea. Usirushe chochote hewani. Kurusha kwenye masafa haya bila kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano ni kosa, na karibu na Wilson au JKIA ni hatari kwa ndege. Kila jaribio lipite kwenye kebo.

Funga antena kwa karatasi ya alumini: C/N0 zianguke, AGC isishuke, na kifaa kisidai kimevurugwa. Kisha unganisha antena na jenereta ya mawimbi kwa kiunganishi, na kipunguzaji cha desibeli 60 upande wa jenereta. Weka 1575.42 MHz na upandishe desibeli moja kila dakika. Onyo la uvurugaji lazima litoke kabla mahali hapajapotea. Kifaa kikipoteza mahali kwanza ndipo kilie, kirudishwe. Baada ya hapo chezesha kupitia kebo mawimbi yaliyorekodiwa jana: kifaa chenye saa sahihi kikatae. Sogeza saa yake dakika mbili nyuma: kisithubutu kuandika "imethibitishwa". Muuzaji awe na simuleta (kifaa cha kuiga mawimbi ya setilaiti) ya kuonyesha pia Agosti 2035 na Novemba 2038. Chukua vifaa vitano bila mpangilio kutoka kwenye sanduku, si kile alichokuja nacho mkononi.

---

dereva_wa_data

Rasimu ya kifungu cha traka: "Itume kila sekunde 10 mahali, C/N0 ya kila setilaiti, AGC, mwendo wa magurudumu na namba ya mnara wa simu." Iko sawa?

---

Sekunde1

Badilisha "itume" iwe "ihifadhi na itume". Baadhi ya vivurugaji huziba na simu, kwa hiyo dakika unazozihitaji zaidi ndizo ambazo hazitafika. Rekodi moja yenye setilaiti 30 ni kama baiti 70. Kwa sekunde 10 na siku tatu, hiyo ni chini ya megabaiti 2. Dai megabaiti 8 za kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, na kila rekodi iwe na namba inayofuatana, ili iliyofutwa ionekane.